Mafuriko ya miaka 50, ziwa lililojaa mara mbili, na ukuta wenye kigezo cha 2

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina kiwanja Ilemela, Mwanza, upande wa Igombe, kinashuka kuelekea Ziwa Victoria, na pembeni yake kuna korongo linalopitisha maji wakati wa mvua. Nataka kujenga nyumba ya wageni ya vyumba kumi, na benki wamenikubalia mkopo wa miaka 10. Mhandisi aliyenichorea ameandika kwamba ukuta wa upande wa ziwa na kalavati la korongoni vimesanifiwa kwa "mafuriko ya miaka 50", na kwamba kigezo cha usalama cha ukuta ni 2. Lakini ziwa lilijaa 2020 likahamisha watu, likajaa tena 2024. Hiyo miaka 50 iko wapi? Kaka yangu anasema ni afadhali, yameshakuja, hayarudi tena mpaka tuwe wazee. Nimwamini nani? Na hiyo 2, maana yake ukuta una nguvu mara mbili?

JIBU: Marahaba, dada. Nikupe kwanza jibu lenyewe, maana najua mafundi wanakusubiri. Mhandisi wako hakudanganya, ila amekuandikia namba moja kwa maji ya aina mbili yasiyofuata hesabu moja. Kwa korongo, "miaka 50" inaweza kukubalika kama imetokana na takwimu za kueleweka. Kwa ziwa, namba hiyo peke yake haikusaidii. Na kaka yako, kwa heshima zote, amekosea kwenye korongo, na kwenye ziwa amekosea kinyume kabisa.

Tuanze na korongo, ndilo jepesi.

Mvua iliyojaza korongo lako mwaka huu haiamui chochote kuhusu itakayonyesha mwakani. Kwa hiyo anayeandika mafuriko ya miaka 50 anasema tu kwamba kila mwaka una nafasi moja kati ya hamsini, yaani asilimia 2, ya kuleta maji yanayofika au kupita kiwango fulani. Si ratiba. Mawingu hayana daftari la madeni kwamba yakishalipa mwaka huu yatapumzika nusu karne. Yakija leo, mwakani nafasi ni ileile asilimia 2.

Asilimia 2 inasikika kama kitu kidogo, basi ipime kwa mkopo wako. Nafasi ya mwaka mmoja kupita salama ni 0.98. Nafasi ya miaka 10 mfululizo kupita salama ni 0.98 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara kumi, na jibu ni 0.817. Maana yake, kabla hujamalizana na benki, kuna uwezekano wa asilimia 18 kwamba kalavati litazidiwa angalau mara moja. Ukitaka nyumba ikae miaka 50, uwezekano unafika asilimia 64. Ndiyo, zaidi ya nusu! Kalavati la miaka 25 likikaa miaka hiyohiyo 50 ni asilimia 87, na hata lile la miaka 100 bado ni karibu asilimia 40. Hesabu hii inafanyika kwenye simu yako ya mkononi, na bado utakutana na watu wenye vyeti ukutani ambao hawajawahi kuifanya.

Ila kuzidiwa si kuanguka, na hapa pana fedha za kuokoa. Kalavati likizidiwa, maji yanapita juu yake. Kama kingo zake zina zege na mawe yaliyopangwa vizuri mpaka upande wa kutokea, asubuhi unafagia tope na wageni wanaingia. Kama pembeni ni moramu tupu iliyoshindiliwa kwa miguu, maji yanaanza kuila kwa chini, na asubuhi kalavati limesimama peke yake katikati ya shimo, barabara haipo. Mara nyingi mimi huona bora mtu ajenge kalavati la miaka 25 linalovumilia kupitiwa juu, kuliko la miaka 50 linalosombwa siku ya kwanza likizidiwa. Muulize mhandisi wako swali hilo kwa maneno hayo: likizidiwa, linafanya nini?

Sasa, namba yenyewe aliipata wapi? Njia ya kawaida ni kuchukua mvua kubwa kuliko zote ya kila mwaka kutoka kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, kutafuta wastani wake na jinsi inavyotawanyika kuzunguka wastani huo, kisha kutumia mkunjo wa vilele, yaani kanuni ya kukadiria matukio makubwa yanayotokea kwa nadra. Unaotumika sana una jina la Mjerumani, Emil Gumbel. Nitunge mfano, si takwimu za Mwanza. Tuseme una miaka 30 ya kumbukumbu, wastani wa mvua kubwa ya siku moja ni milimita 70 na mtawanyiko ni milimita 20. Kwa Gumbel, mvua ya miaka 10 inakuwa milimita 96, ya miaka 50 milimita 122, ya miaka 100 milimita 133. Safi kabisa, mtu anaandika 122 kwenye ripoti na kupiga muhuri.

Lakini kumbukumbu za miaka 30 ni chache mno kumweleza mtu habari za miaka 50. Ukifanya hesabu ya kosa la makadirio, ile 122 ina takriban milimita 24 za shaka kila upande. Thamani ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 98 na 146. Na kwenye mkunjo uleule, 98 ni mvua ya miaka 11 hivi, na 146 ni ya miaka zaidi ya 200. Kwa hiyo anayekuambia "miaka 50" kwa kumbukumbu za miaka 30 anakuambia, akisema ukweli wote, "kitu fulani kati ya miaka 11 na miaka 230". Hajafanya kosa. Ndivyo takwimu chache zilivyo. Kosa ni kukuficha upana huo, nawe ukadhani 122 imepimwa kwa rula.

Kuna jambo la pili kwenye korongo ambalo kwa Mwanza naliona kubwa kuliko hilo la kwanza. Milima yetu ni mawe matupu yenye udongo kiduchu, na kila mwaka mabati yanazidi kupanda juu. Mvua ileile haileti tena maji yaleyale. Kwa eneo dogo tunakadiria maji kwa kuzidisha vitu vitatu: sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, kasi ya mvua kwa milimita kwa saa, na ukubwa wa eneo kwa kilomita za mraba, kisha tunagawanya kwa 3.6. Chukua bonde la kilomita ya mraba 0.8 na mvua ya milimita 90 kwa saa. Wakati kilima kina vichaka na mashamba ya mihogo, tuseme asilimia 35 ya mvua inatiririka, na korongo linapata mita za ujazo 7 kila sekunde. Kilima kikijaa nyumba na njia zilizoshindiliwa, asilimia 60 inatiririka, na korongo linapata mita za ujazo 12. Kalavati lililosanifiwa kwa zile 7 sasa linajazwa na mvua ya milimita 52 tu kwa saa, mvua ambayo mtu wa Mwanza haimshangazi. "Miaka 50" ya kwenye mchoro imekuwa ya miaka michache bila mtu kugusa kalavati wala hali ya hewa kubadilika. Waliokaa muda mrefu kando ya Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji letu, hawahitaji kuelezwa hili. Kwa hiyo panda mwenyewe juu ya korongo lako, uangalie nani kajenga, nani anapima viwanja, kisha umuulize mhandisi alitumia asilimia ya leo au ya miaka kumi ijayo.

Ziwa lina hesabu yake.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800, na maji yake yana mlango mmoja tu, Mto Nile kule Jinja, Uganda. Sehemu kubwa ya maji yanayoliingia, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka inapanda angani kama mvuke. Fikiria beseni pana mno lenye tundu moja dogo. Likishajaa, halishuki kwa wiki mbili kama korongo. Mita moja tu ya maji ziwani ni kilomita za ujazo 69 hivi. Hata Jinja wakitoa mita za ujazo 1,000 kila sekunde usiku na mchana, na tone jingine lisiingie wala mvuke usipande, mita hiyo moja itachukua zaidi ya miaka miwili kuisha. Na kwa kawaida matone yanaingia.

Ndiyo maana ziwa lina kumbukumbu. Kiwango cha mwakani kinategemea sana kiwango cha mwaka huu. Viwango vyake vimepimwa tangu 1896, kwanza Entebbe, baadaye Jinja. Kuanzia mwishoni mwa 1961 hadi 1964 ziwa lilipanda takriban mita mbili na nusu, na baada ya hapo lilikaa juu kwa miongo mingi. Lilishuka sana 2006, ukame ukisaidiana na maji yaliyotolewa Jinja zaidi ya kiwango cha makubaliano, mpaka watu wakawa wanapanda mboga mahali palipokuwa na maji. Kisha Mei 2020 likaipita kidogo rekodi ya 1964, na 2024 likaipita tena hiyo ya 2020.

Tujaribu kulazimisha hesabu ya korongo kwenye ziwa tuone inavyovunjika. Kama kila mwaka ungekuwa na asilimia 2 zake bila kujali mwaka uliotangulia, uwezekano wa kuona vilele viwili au zaidi vya miaka 50 ndani ya miaka mitano, 2020 hadi 2024, ungekuwa kama moja kati ya 260. Unaweza kusema tulikuwa na bahati mbaya ya moja kati ya 260. Mimi nasema dhana yenyewe haifai: miaka ya ziwa haiko huru, inashikana mikono. Ziwa likiwa juu mwaka huu, nafasi ya kuwa juu mwakani ni kubwa kuliko asilimia 2, pengine kubwa mara nyingi. Likiwa chini sana kama 2006, nafasi ya kilele mwakani iko karibu na sifuri. Kwa hiyo "yameshakuja, hayarudi" ya kaka yako ingegeuzwa: kwa ziwa, yakishakuja, ndipo yana nafasi nzuri ya kurudi.

Na usidhani kumbukumbu ndefu inatuponya. Mhandisi wa mwaka 1960, akiwa na zaidi ya miaka 60 ya vipimo mezani, angepiga hesabu safi na kusema kiwango cha 1964 ni karibu haiwezekani. Miaka minne baadaye maji yakawa pale. Takwimu za ziwa zinabeba ndani yake hali ya hewa inayobadilika, mvua za vuli zinazotegemea joto la Bahari ya Hindi, na uamuzi wa watu wanaofungua na kufunga milango ya bwawa kule Jinja tangu 1954. Hakuna mkunjo mmoja unaovimeza vyote hivyo.

Basi kwa ziwa mimi situmii "miaka 50". Nachukua kiwango cha 2024 kama mahali pa kuanzia, si kama dari. Juu yake naongeza kimo cha akiba kwa ajili ya ziwa kupanda tena, kisha mawimbi, ambayo kwa kiwanja kinachotazama ziwa wazi ni habari tofauti kabisa na kile kilichojificha ndani ya ghuba. Sakafu ya jengo inawekwa juu ya jumla hiyo. Na vyote viandikwe kwa mita juu ya usawa wa bahari kutoka kwenye alama ya mpima ardhi, siyo "futi tatu juu ya majani". Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria iko hapahapa Mwanza, na viwango vya ziwa ni kazi yao. Kisha nenda kwa wazee wa pale Igombe, uwaombe wakuonyeshe kwa kidole maji ya 1964 yalifika wapi, ya 2020 wapi, ya 2024 wapi. Mpima aje apige vimo vya sehemu hizo tatu. Hizo si hadithi za kupoteza muda. Kwa mtakwimu ni data zinazorefusha kumbukumbu, na mara nyingi ni bora kuliko kituo kilicho mbali na kiwanja chako.

Ukiwa na mpima hapo, apime pia mteremko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu wanazisoma mita 60 hizo kama ulinzi dhidi ya maji, wakati ukingo wenyewe unatembea. Kwenye ufuko wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 40, ziwa likipanda mita 2 na nusu linaingia nchi kavu mita 100. Kiwanja kilichopimwa 2006 kwa mita 60 halali kabisa, kwa mteremko huo, kingekuwa chini ya maji 2020. Kwa hiyo tazama tarehe kwenye ramani ya upimaji wako. Kwenye ufuko wa mawe yaliyosimama wima, jambo hili halina uzito. Kwenye ufuko wa mchanga unaolala, ndilo jambo la kwanza.

Kabla sijaliacha ziwa, kuna mtego unaounganisha maji yako mawili. Nimewahi kusoma ripoti zinazozidisha: asilimia 2 ya korongo mara asilimia 2 ya ziwa, jibu asilimia 0.04, kwa hiyo vyote viwili kutokea pamoja tusihangaike navyo. Kuzidisha hivyo kunaruhusiwa tu kama vitu viwili havijuani. Vya kwako vinajuana sana. Mvua za masika ndizo zinazojaza korongo Machi mpaka Mei, na ziwa kwa kawaida linafika kileleni kuelekea Mei na Juni kwa sababu ya mvua hizohizo. Ziwa likiwa juu, mdomo wa kutokea wa kalavati lako uko chini ya maji, na kalavati lililosanifiwa kutoa maji kwa uhuru sasa linayasukuma dhidi ya ziwa. Mwombe mhandisi apige hesabu ya kalavati mdomo wake ukiwa umezama kwa kiwango cha 2024. Kama hajaifanya, huenda kipimo cha kalavati kwenye mchoro ni kidogo kuliko unachohitaji.

Turudi kwenye ile 2.

Kwa kuta za aina yako, kigezo cha usalama 2 kwa kawaida maana yake ni kwamba uwezo uliokadiriwa wa ukuta ni mara mbili ya mzigo uliokadiriwa. Mzigo unatawanyika, kwa sababu siku nyingine udongo nyuma ya ukuta ni mkavu na siku nyingine umelowa mpaka chini. Uwezo nao unatawanyika, kwa sababu zege halitoki sawa. Kigezo cha 2 hakisemi lolote kuhusu mitawanyiko hiyo.

Chukua kuta mbili, zote zina kigezo cha 2. Mzigo wa wastani ni 100 na unatawanyika kwa 20. Ukuta wa kwanza una uwezo wa wastani wa 200 na mtawanyiko wa 20. Wa pili una uwezo wa wastani uleule wa 200, lakini mtawanyiko ni 60. Pengo kati ya uwezo na mzigo ni 100 kwa zote mbili. Sasa jumlisha mitawanyiko: kila mmoja unazidishwa kwa wenyewe, inajumlishwa, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Kwa ukuta wa kwanza unapata 28, na 100 ukigawanya kwa 28 ni 3.5. Kwa wa pili unapata 63, na mgawo ni 1.6. Ukichukulia mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele, ukuta wa kwanza una nafasi moja kati ya 5,000 ya kushindwa. Wa pili, moja kati ya 18. Karatasini zote mbili zimeandikwa "2". Huo mgawo, 3.5 au 1.6, ndio wahandisi wanaouita kiashiria cha uhakika, na kanuni za Ulaya zinataka kiwe 3.8 kwa majengo ya kawaida kwa miaka 50.

Sasa, mtawanyiko wa 60 unatoka wapi? Simama kwenye eneo la ujenzi siku nzima, utauona kwa macho. Asubuhi, msimamizi yupo, mchanga na kokoto vinapimwa kwa ndoo iliyosawazishwa kwa ubao. Saa nane mchana, msimamizi kaenda kula, kipimo kimekuwa karai, tena karai la mlima, na kila kibarua ana mlima wake. Mchanga uliolowa unaingia sawa na mkavu. Zege likianza kuwa gumu kusambaza, mtu anaongeza maji, maana kumimina zege laini hakuchoshi mgongo. Kokoto za kugonga kwa mkono zimetoka kwa wauzaji watatu, kila mmoja na ukubwa wake. Vyote hivyo vinaingia kwenye ukuta mmoja, na hakuna hata kimoja kilichomo kwenye ile 2.

Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko kuongeza unene wa ukuta. Zege la daraja la 25 maana yake ni kwamba si zaidi ya asilimia 5 ya vipimo vitashuka chini ya nguvu ya niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Kulifikia hilo, wastani lazima uwe 25 kujumlisha mtawanyiko mara 1.64. Fundi makini mwenye mtawanyiko wa 4 anatakiwa kulenga 31.6. Fundi wa karai la mlima mwenye mtawanyiko wa 8 anatakiwa kulenga 38.1, na tofauti hiyo unailipa wewe kwa mifuko ya saruji. Kwa hiyo mlipe mtu mmoja kazi yake iwe kusimamia vipimo tu, na kila siku ya kumwaga zege zichukuliwe sampuli za maboksi ya milimita 150, zipelekwe maabara zivunjwe siku ya 28. Sampuli za asubuhi na za mchana, tafadhali. Ukichukua za asubuhi peke yake unapima uaminifu wa msimamizi kabla ya chakula.

Na matundu ya kutoa maji kwenye ukuta yasizibwe na plasta kwa ajili ya urembo. Ukuta mwingi unaoanguka kwenye vilima vyetu hausukumwi na udongo, unasukumwa na maji yaliyokosa pa kutokea.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Baada ya mafuriko ya Februari 1953 yaliyoua zaidi ya watu 1,800 Uholanzi, mwanahisabati David van Dantzig aliulizwa kingo za bahari ziwe na kimo gani. Alilinganisha gharama ya kuongeza kimo na hasara inayopungua kwa kuongeza. Wewe fanya vilevile kwa namba zako. Tuseme mafuriko yakiingia ndani yatakuharibia mali ya shilingi milioni 40, na kuinua sakafu sentimita 60 kunagharimu milioni 6. Ikiwa kuinua huko kunashusha nafasi kutoka moja kati ya 10 kwa mwaka hadi moja kati ya 50, unaokoa wastani wa milioni 3.2 kila mwaka, na gharama imerudi ndani ya miaka miwili. Kwenda kutoka moja kati ya 50 hadi moja kati ya 200 kunaokoa laki sita tu kwa mwaka. Hapo fikiri mara mbili. Lakini hesabu hiyo ni ya magodoro, friji na rangi ya ukuta. Vyumba vya kulala visiingizwe humo. Mahali watu wanapolala pawe juu ya kila namba tuliyotaja, hata kama hesabu ya shilingi inasema haina faida.

Kwa hiyo kabla hujalipa awamu inayofuata, kaa na mhandisi wako, bila ugomvi, umwombe aandike upya kurasa chache. Korongo na ziwa vitengwe, kila kimoja na namba yake. Korongo lionyeshe kumbukumbu za miaka mingapi zimetumika na upana wa shaka yake, pamoja na asilimia ya maji yanayotiririka kwa kilima cha miaka ijayo. Ziwa lianze na kiwango cha 2024 na vimo vya mpima. Kalavati lipigiwe hesabu likiwa limezama. Na ukuta uje na mtawanyiko aliouchukulia kwa zege, si ile 2 peke yake. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hatakasirika kwa maswali haya. Akikasirika, hiyo nayo ni taarifa.

Jambo la mwisho hukuliuliza, ila kwenye kiwanja chako naliona kabla ya ukuta: shimo la maji taka. Ziwa likipanda, maji ya ardhini yanapanda pamoja nalo, na yanafika kwenye shimo muda mrefu kabla hayajagusa sakafu. Shimo la kunyonya linakataa kunyonya, vyoo vinaanza kurudisha, na tangi tupu linaweza kuinuliwa na maji likapasua mabomba. Liweke upande wa juu wa kiwanja, kitako chake kiwe juu ya kiwango cha ziwa cha 2024, hata kama bomba litakuwa refu na fundi atakuambia upande wa chini ndiko maji yanakoelekea yenyewe.